Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Kazi yangu ni kuandika, si kusema.
Ukumbi wa manispaa, Thunder Bay, Januari,
nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.
Viatu vya theluji vinalia machozi sakafuni,
birika la kahawa linakoroma pembeni
kama injini iliyokataa kuwaka.
Waliohudhuria: mia moja na kumi na wawili.
Waliotoa udhuru: Namba Tisa ya saa kumi na mbili jioni,
pamoja na wote waliokuwa wakiisubiri.

Bi. Prudhomme wa idara ya usafiri akawasha mashine.
Ramani ikatanda ukutani, nyekundu, buluu, kijani,
mistari imenyooka kama nywele zilizochanwa leo.
"Njia chache," akasema, "lakini basi kila robo saa."
Ni kweli. Nilizipiga hesabu zake pembezoni mwa daftari,
hazikuwa na kosa.
Njia kumi na saba zimekuwa kumi,
na pale ilipopita Namba Tisa pamebaki karatasi tupu,
nyeupe kama nje.

Kijana wa chuo akapiga makofi: kwake basi litapita mara mbili zaidi.
Mwenye duka la matairi akauliza kodi yake inakwenda wapi.
Sauti ya nyuma ikasema, wengi wape.
Wape, sawa. Nani ataendesha?
(Hilo lilikuwa langu. Sikuliandika.)

Kila msemaji dakika tatu, kisha kengele.
Bi. Aune Koskela, miaka themanini na mmoja, hakuja na hotuba.
Alivua glavu, akaishika maikrofoni kwa vidole viwili
kama kijiko cha dawa,
akaanza kutaja vituo:

Kona ya kiwanda cha karatasi.
Kanisa la Walutheri, mlango wa nyuma.
Kwa Mackie, palipokuwa na duka la viatu.
Kliniki ya figo. Hapo dereva husubiri,
sheria haimruhusu, husubiri.
Shule iliyofungwa.
Shule iliyoimeza ile iliyofungwa.
Darajani, upande wenye upepo.

Kengele. Alikuwa hajafika kwake.
"Asante, Bi. Koskela," mwenyekiti akasema.
"Nimebakiza vinne," akajibu,
akabaki kashika kiti cha mbele
kana kwamba basi lingali likienda.

Ndipo akainuka Garnet Wabasse, koti la kazi, beji imegeuka.
"Nina dakika tatu. Nitasema kwa moja, mbili nilale."
Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.
"Gereji ina mabasi arobaini na manane, yamefagiliwa, yana mafuta.
Madereva tuko thelathini na mmoja.
Mapumziko yangu ya mwisho yalikuwa mazishi ya shangazi.
Wawili wameacha tangu Krismasi:
mmoja mgongo, mmoja alitemewa mate.
Choreni mtakavyo.
Mkinichora mara mbili, bado niko mmoja."

Hakuna aliyepiga makofi, si wa ramani, si wa Namba Tisa.
Bi. Prudhomme akaitazama kalamu yake.
Kamba hukatikia pabovu, wasema;
mimi niliiona inakatikia pale
tulipokuwa tumeishika sote.

Azimio: limeahirishwa hadi Machi.
Nikaandika, "Mkazi mmoja alipinga."
Nikafuta.
Nikaviandika vituo vyake vyote, kimoja kimoja,
na vile vinne vilivyobaki nikavijaza mwenyewe.
Cha tatu ndicho nilichokuwa nikishukia nikiwa na miaka saba,
nikiwa na ufunguo wa nyumba shingoni.

Nje, maegesho, pumzi za watu zimesimama hewani.
Garnet alikuwa akikwangua barafu kiooni kwa kadi ya benki.
Bi. Koskela keshaketi ndani, mkoba mapajani.
Barabara kuu ingewafikisha kwa dakika nane.
Taa zao zikakata kushoto,
njia ndefu, ya kanisani,
dereva yuleyule, zamu isiyolipwa,
macho mekundu kama mstari wa kwanza wa ramani.

Kikao kilifungwa saa tatu na dakika arobaini usiku.
Mengineyo: hakuna.